Mwaka Eliakunda Alipoketi Kula

Enzi za Mwingereza, ukifika Chome na kuulizia "yule mwanamke wa machela," hakuna aliyekuuliza yupi. Walikuonyesha nyumba ya Eliakunda.

Jina hilo alilipata mwaka 1947, wakati wa mvua kubwa. Koleta, mke wa seremala, alikuwa na uchungu kwa siku ya pili na mtoto hatoki. Wanaume wanne wakamweka kwenye machela wamteremshe kwa mganga. Kabla ya kufika mtoni mmoja akateleza kwenye tope, akateguka mguu. Wale watatu wakabaki wamesimama, mvua inawapiga, wanatazamana. Eliakunda alikuwa nyuma yao na kikapu cha nguo za mzazi. Akakitua, akakaza kanga kiunoni, akaweka ngata begani na kuushika mti wa nyuma.

"Mama, hii si kazi yako," mmoja akamwambia.

"Haya, tungoje apatikane mwanamume. Na Koleta naye angoje?"

Wakainua machela. Wakaenda, na Eliakunda hakupokewa mti ule mpaka tambarare. Koleta alijifungua mtoto wa kike, wote wazima. Tangu siku hiyo mgonjwa yeyote akishushwa kutoka Chome, Eliakunda alikuwa mmoja wa wabebaji, na wanaume waliacha kuona ajabu.

Alikuwa mrefu, mwenye shingo iliyonyooka na hatua ndefu. Kwa Chasu, lugha ya Wapare, jina lake linasema kwamba Mungu amependa, na watu walikubali kwamba Mungu alipomuumba alipenda kweli, maana hakumpunguzia nguvu. Harusi ikiwepo, aliitwa kupika. Msiba ukitokea, aliitwa kuchota maji. Jumbe akipiga mbiu ya msaragambo, ile kazi ya wote ambayo kila nyumba ya Upareni hutoa mtu, Eliakunda alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. "Eliakunda hachoki," walisema. Naye alipenda kulisikia neno hilo. Lilimtia joto kifuani kuliko sifa nyingine yoyote.

Nyumbani kwake walikuwa watu wanane. Mumewe, Hezroni, alipasua mbao kando ya msitu wa Shengena na kurudi jioni na unga wa mbao kwenye nyusi. Watoto walikuwa watano, mkubwa akiwa Raheli, msichana wa miaka kumi na sita. Na alikuwepo mama mkwe wake, Susana, mjane mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu.

Makande yalipoiva, Eliakunda alipakua kwa utaratibu aliofundishwa siku alipoolewa. Kwanza Hezroni, kisha mama mkwe, kisha watoto kwa umri wao. Yeye alikuwa wa mwisho, na alikula amesimama karibu na mafiga, akikwangua ukoko kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukianza kuosha vyombo. Siku nyingine ukoko ulikuwa mdogo, akamalizia kwa chai ya rangi. Hakulalamika, wala hakuwa na cha kulalamikia, maana hakuna aliyemnyima. Ndivyo nyumba ilivyokula.

Mwaka 1951 ukingo wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mifereji, ulipasuka. Bila ndiva mashamba ya bondeni yangekauka, basi jumbe, mzee Chande, akaita msaragambo wa wiki tatu. Wanaume walichimba na kupanga mawe. Wanawake waliyabeba kutoka korongoni. Eliakunda alibeba asubuhi yote, mchana akaenda shambani, jioni akapika. Maji yaliposimama tena na ukingo haukuvuja, mzee Chande alimwita mbele ya watu na kumshika mkono.

Lakini mwaka huohuo mwili wake ulianza kumsemesha. Akipanda kilima alisikia masikioni mvumo kama wa maporomoko ya maji. Kucha zake zilikuwa laini na zimebonyea katikati. Akapata tamaa ya kula udongo, ule mwekundu wa ukutani, na alikuwa akimegua kipande na kukitafuna jikoni akiwa peke yake, akiona aibu kama mtoto anayeiba sukari. Raheli ndiye aliyemshtukia.

"Mama, mbona viganja vyako vimekuwa vyeupe?"

"Ni udongo wa ndiva, mwanangu. Utatoka."

Ndiva ilikuwa imekamilika miezi minne nyuma.

Juma la tatu la Desemba Eliakunda na rafiki yake Dorkas waliteremka Same kuuza maharage ili wanunue nguo za Krismasi. Walitoka alfajiri, mizigo kichwani, wakashuka njia ya miguu toka kwenye ubaridi wa msitu mpaka kwenye joto la nyika. Dorkas alisimulia baadaye kwamba walikuwa wakizungumza habari ya kitambaa, kama wachukue cha maua au cha mistari, akauliza swali na hakujibiwa. Akageuka. Eliakunda alikuwa chini, kifudifudi, maharage yametawanyika njiani.

Wakata mkonge waliokuwa karibu walikuja mbio. Walifunga magunia mawili kwenye miti miwili, wakamlaza. Alipofumbua macho aliona mbingu ikitikisika katikati ya vichwa vya wanaume, na hapo ndipo alipoelewa kwamba yuko kwenye machela.

"Nishusheni," alisema. "Nishusheni, naweza kutembea."

"Nyamaza," Dorkas akamwambia, analia. "Leo nyamaza."

Eliakunda akavuta kanga akajifunika uso, asije akaonwa na mtu anayemjua.

Dresa, mganga msaidizi wa zahanati ya Same, aliitwa Nathanaeli, mtu wa Usangi, kijana mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimfunua kope la chini akatazama. Alimtazama ulimi, viganja, nyayo. Kisha akavuta kigoda na kuketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Jana ulikula nini?"

"Makande."

"Kiasi gani?"

Eliakunda akaanza kueleza. Mumewe alikula bakuli mbili kwa sababu alikuwa na gogo kubwa la kupasua. Mama mkwe alikula kidogo, meno yanamsumbua. Mtoto wa mwisho aliongezwa mara mbili. Raheli hakumaliza…

"Na wewe?"

Akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Nilionja chumvi," alisema.

Nathanaeli hakucheka. "Na juzi?"

Eliakunda akatazama dirishani. Aliweza kumwambia kila mtu wa nyumba yake alikula nini juma zima. Ya kwake hakuyakumbuka, na haikuwa kwamba ameyasahau.

"Mama, una safura," dresa alisema. "Minyoo wameingia kwa nyayo, kwa kutembea peku kwenye majani yenye unyevu, na wamekaa tumboni wanakunywa damu. Dawa ninayo. Lakini damu mpya siwezi kukuchemshia mimi. Inatoka kwenye chakula na kwenye kupumzika. Mwaka huu minyoo wamekula vizuri kuliko wewe."

"Nipe dawa nirudi leo. Krismasi imekaribia, na nyumbani kuna watu saba."

"Ukirudi leo utabebwa tena, na safari hiyo hutafika kwangu."

Alimlaza siku kumi.

Siku mbili za kwanza Eliakunda hakupata raha. Hakuwahi kulala kitandani jua likiwa juu isipokuwa alipojifungua, na hata hapo aliamka siku ya tatu. Alisikiliza treni ikiingia stesheni, akawasikia wauza ndizi wakikimbilia mabehewa, na kila kelele ilimwambia kwamba wengine wanafanya kazi. Alikunywa dawa yenye harufu ya kukata pua. Aliletewa uji, mchicha, maharage, siku moja hata ini la mbuzi. Siku ya tatu aligundua kwamba amemaliza sahani yote, na kwamba chakula kilikuwa bado cha moto. Alishangaa jinsi maharage yanavyonukia yakiwa ya moto.

Krismasi ilimkuta palepale. Alisikia nyimbo kwa mbali, akalia kidogo, kisha akalala usingizi mzito mpaka saa tisa alasiri.

Ilikuwa desturi yake, mwaka ukielekea kwisha, kutayarisha maneno ya shukrani. Kwenye usharika wao ibada ya kufunga mwaka ilifanyika mchana wa tarehe thelathini na moja, na kila mtu mzima alisimama akataja anachomshukuria Mungu. Eliakunda alijilaza chali akaanza kukumbuka mwaka wake. Aliuona kwa mizigo. Mawe ya ndiva. Matita ya kuni ya misiba minne. Mkungu mzima wa ndizi aliombebea Dorkas alipoumwa mgongo. Wagonjwa watatu aliowashusha kwa machela. Safari za kuja Same na kupanda tena. Alivyozidi kukumbuka ndivyo kichwa chake kilivyoinuka kwenye mto. Nani mwingine Chome, mwanamume au mwanamke, alikuwa amebeba vile?

Akainuka kuketi, akatazama miguu yake iliyobeba yote hayo. Visigino vilikuwa vimepasuka mpaka ndani. Ukucha mmoja haukuwepo, na hakukumbuka uling'oka lini. Angeweza kuchora nyayo za kila mwanawe akiwa amefumba macho, lakini hizi alizitazama kama za mtu aliyekutana naye njiani. Akamwomba mhudumu mafuta ya nazi. Akaziweka nyayo pajani, moja baada ya nyingine, akazipaka polepole katikati ya kila ufa.

"Poleni," aliziambia kwa Chasu, kwa sauti ya chini ili mgonjwa wa kitanda cha pili asisikie. "Poleni na kazi."

Hezroni alifika tarehe ishirini na nane, kofia mkononi.

"Nyumbani je?" Eliakunda akamuuliza kabla hajaketi.

"Nyumba ipo."

"Nani anapika?"

"Raheli. Maji nachota mimi." Hezroni akajikuna shavu. "Watu wamecheka siku mbili, siku ya tatu wamechoka."

Siku zote Eliakunda aliamini kwamba akitoka yeye paa litaanguka, na sasa ameambiwa kwamba paa lipo. Ilimuuma kidogo. Halafu, kabla maumivu hayajakaa, alijisikia mwepesi.

Siku ya kutoka, Nathanaeli alimpa vidonge na kumwambia ashuke kila mwezi kutazamwa. "Na usitembee peku," alisisitiza. Sokoni Eliakunda alichagua katambuga, zile kandambili nzito za mpira wa gari wanazovaa Wamasai. Hezroni akasema wanawake wa Chome hawavai vile. Eliakunda akazifunga mikanda na kuanza kutembea. Walipanda kwa siku mbili, wakilala njiani kwa jamaa, na kikapu alikibeba Hezroni.

Tarehe thelathini na moja kanisa lilijaa. Mwinjilisti Simeoni aliongoza. Wanaume walishukuru kwa kahawa na mifugo, wanawake kwa watoto na waume. Zamu ya Eliakunda ilipofika watu waligeuka, maana habari zake zilikuwa zimeshapanda mlima kabla yake.

"Kila mwaka nasimama hapa namshukuru Mungu kwa mume wangu, wanangu na mbuzi," alisema. "Hao wote nawashukuria. Lakini leo namshukuru Mungu kwa ajili yangu mimi."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi.

"Namshukuru kwa shingo hii na miguu hii. Mwaka huu nimebeba mawe ya ndiva mpaka maji yakasimama. Nimewabeba wagonjwa watatu na wote wako hai. Hakuna nyumba katika usharika huu ambayo sijaibebea kitu. Mzee Chande yupo pale, aseme kama nadanganya."

Mzee Chande alishtuka kutajwa. Akakohoa. "Hadanganyi," akasema.

"Ningekuwa na ng'ombe anayefanya kazi hivi, ningemkatia majani mabichi na kumpumzisha kivulini, na mtu angenisifu kwamba najua kufuga. Mwili huu nimeufanyisha kazi sijaulisha. Naomba Mungu anisamehe hilo. Mwaka unaoingia nitakula nimeketi. Nikichoka nitalala. Na nikimwambia mtu hapana, asidhani nimemchukia."

Akaketi. Mwinjilisti Simeoni, asiyejua la kufanya, akaanzisha wimbo.

Kusema kulikuwa rahisi. Jioni ya tarehe mosi Januari Eliakunda alipakua kwa utaratibu uleule, Hezroni, mama mkwe, watoto. Kisha akachukua sahani ya nane, akajipakulia, akavuta kigoda na kuketi pamoja nao. Mikono ya kila mtu ilisimama. Mtoto wa mwisho, aliyezoea kula kwa mama pia, alinyoosha mkono kwenye sahani yake.

"Nyongeza yako iko chunguni, baba," Eliakunda alimwambia kwa upole.

Mama Susana akaweka bakuli lake chini. "Siku hizi unajipenda," alisema.

Kwa wakati ule neno hilo halikuwa la heri. Aliyejipenda alikuwa mchoyo, mvivu, mtu wa kujitazama kwenye kioo. Eliakunda alisikia uso ukimchoma.

"Ndiyo, mama," alijibu, akaendelea kutafuna.

Mama mkwe aliinuka akaenda kulala na njaa.

Majirani nao hawakunyamaza. Walisema safura imempanda kichwani. Walizicheka katambuga zake, wakasema Mmasai amehamia Chome. Mwezi huo jumbe alituma neno kwamba Eliakunda anatakiwa kubeba mawe ya ukuta wa shule, naye akajibu kwamba juma hilo anapumzika kwa agizo la dresa, atafika Jumatatu ijayo. Mzee Chande alikuja mwenyewe.

"Eliakunda, wewe ndiye ninayekutegemea. Wewe ukikataa, wengine nitawaambia nini?"

"Waambie nitakuja Jumatatu, mzee. Na nikija, utaniona."

Jumatatu alifika kweli, akabeba mpaka saa sita, akatua. Mzee Chande alitazama lundo lake, akaenda zake.

Si kila siku aliweza. Aprili palitokea msiba mkubwa, akapika siku nzima, na siku ya pili mwili ukamwambia basi. Aliaga akaondoka huku wenzake bado wanasonga ugali. Njiani alilia, akajiita mbaya kwa sauti. Alifika nyumbani, akalala, akaamka, na hakuna aliyekosa chakula msibani. Bado ilimchukua siku kadhaa kujisamehe.

Nyuma ya jiko alilima mchicha na mnavu. Mayai, yaliyokuwa ya wageni, akaanza kujichemshia moja kila Jumamosi. Saa za mchana, jua lilipokuwa kali, alijinyoosha kwenye mkeka na kuwaambia watoto asiitwe isipokuwa nyumba ikiungua. Kila mwezi alishuka Same bila mzigo. Kutembea mikono mitupu kulimtia aibu mwanzoni. Baadaye aliona vitu ambavyo hakuwahi kuviona kwa miaka yote ya kutazama chini, kama vile Kilimanjaro ilivyojitokeza kaskazini asubuhi zisizo na mawingu.

Juni Nathanaeli alimfunua kope, akatabasamu. "Njoo utazame mwenyewe," akamwambia, akampa kioo. Ndani ya kope palikuwa pekundu. Eliakunda alijitazama kwa muda, kwanza kope, kisha uso mzima. Mashavu yalikuwa yamejaa. Mvumo masikioni ulikwisha zamani, na ukuta wa jiko ulikuwa haumeguliwi tena.

Mwezi wa Agosti, jioni moja ya baridi, alikuwa akipakua makande wakati mama Susana alipoingia jikoni. Tangu Januari mwanamke huyo alikuwa akila chumbani kwake. Sasa alisimama mlangoni, shuka mabegani.

"Ulipokuwa umelazwa Same," alianza, "Raheli alipika. Akatupakulia wote. Nilipopita hapa nikamwona amesimama palepale unaposimama wewe, anakwangua chungu kwa mkono. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilisimama hapo kabla yako miaka ishirini, mwanangu. Tangu niolewe mpaka nilipopata mkwe, sikuwahi kula kitu kikiwa cha moto."

Eliakunda akaweka upawa chini.

"Nilikukasirikia," mama mkwe akasema. "Nilikuwa nakuonea wivu. Nipe kigoda."

Eliakunda akampa cha kwake, akaita, "Raheli! Njoo na wewe, ulete kigoda chako." Wakala wote nane pamoja, na Hezroni, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisimama mwenyewe kwenda kuongeza chumvi.

Mwaka uliofuata, 1953, iliamuliwa kupanua njia ya kwenda bondeni ili gari liweze kupanda. Ulikuwa msaragambo mkubwa kuliko wa ndiva. Mzee Chande aliita mkutano uwanjani, akagawa kazi, wanaume kuvunja miamba, wanawake kubeba mawe. Alipouliza kama kuna neno, Eliakunda alisimama kati ya wanawake.

"Mzee Chande, tutabeba. Lakini wenye mimba na wanaonyonyesha wasibebe mawe, wapike. Chakula kipakuliwe saa sita, na kila aliyebeba aketi ale kabla hajashika jiwe jingine. Mgonjwa apumzike bila kuitwa mvivu."

Wanaume walicheka. Mmoja akasema kwa sauti kwamba wanawake wakianza kuketi, barabara itafika Chome wajukuu wakiwa wazee.

Hezroni akasimama. Watu walinyamaza kwa mshangao, maana hakuwahi kusema mkutanoni.

"Mke wangu anakula ameketi mwaka wa pili sasa," alisema. "Mbao zangu hazijapinda. Na kama kuna mwanamume hapa anayeweza kubeba jiwe analobeba yeye, ajitokeze tumwone."

Walicheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Hakuna aliyejitokeza. Mzee Chande alipokea maneno yote matatu, na tangu hapo yakawa ndiyo sheria ya msaragambo wa Chome. Vijiji vya jirani vilituma watu kuuliza, navyo vikaiga.

Siku ya kwanza ya barabara, saa sita ilipogonga, wanawake wapatao sitini walitua mizigo na kuketi kando ya mlima, miguu wameinyoosha, bakuli za makande ya moto mapajani. Wengine hawakujua waweke wapi mikono yao, jinsi walivyokuwa hawajazoea kuandaliwa. Dorkas alianza kuinuka kwenda kusaidia wapishi.

"Kaa," Eliakunda akamwambia. "Kula kwanza."

Dorkas akakaa. Upepo ulikuwa ukipanda kutoka nyikani, na chini kabisa, ndogo kama uzi, treni ilikuwa ikielekea Same. Eliakunda alimaliza bakuli lake, akaomba nyongeza bila kuona haya, akaimaliza nayo. Kisha akasimama, akapita mawe madogo yote, akachagua moja ambalo wenzake walikuwa wakilizunguka tangu asubuhi. Akaweka ngata, wakamtwika, akanyoosha shingo na kuanza kupanda.

"Huyo!" mwanamke mmoja akapiga kelele kwa Chasu, na wengine wakaitikia kwa vigelegele mpaka alipofika juu.